Uji Alioukataa Mjomba

Rungwa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naamini mguu umepungua uvimbe na alizeti mmekwisha kuipura. Mimi ni mzima, na kazi ya redio inaendelea. Barua hii isome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Sikupiga simu kwa sababu simu yako ikilia, nyumba nzima husikiliza.

Uliniagiza nimchunguze Rehema, mke wa Daudi, kwa kuwa kaka yako Ntandu anadhoofika mikononi mwake huku mwanawe Daudi yuko machimboni Chunya. Ulisema, "Huyo mwanamke wa Sikonge anamwekea kitu mzee." Nimechunguza.

Nilimkuta mjomba kwenye kigoda, kavaa shati kinyume. Aliniita kwa jina la marehemu baba. Asubuhi alizungumza vizuri juu ya mizinga yake ya nyuki; mchana hakujua mzinga ni nini. Mguu wa kushoto aliuburuta. Homa hakuwa nayo. Kichwa kilikuwa kizito, akasema ni jua. Rehema aliweka bakuli la uji mlangoni, akageuka bila kumtazama, akaondoka.

"Unaona?" mjomba akaninong'oneza. "Hata macho hanipi. Kunywa wewe, kama u mwanaume."

Nikanywa. Jirani yake, mama Pili, alisimama kwenye ua akinitazama. "Mwandishi, wosia umeshaandika?"

Uji ulikuwa wa ulezi, una asali. Haukunidhuru hata tumbo. Lakini hilo halikumwondolea Rehema shaka, maana mwenye nia mbaya anaweza kutia leo na asitie kesho. Kila nilipomuuliza Rehema ni lini mzee alianza kuugua, alitazama chini: "Sijui, shemeji." Nimehoji watu wengi, namjua mtu anayeficha neno. Rehema alikuwa anaficha.

Mganga wa zahanati alipima malaria, sukari na presha, asione kitu. "Wengine watakwambia ni uzee," akasema, "lakini uzee hauingii kwa mwezi mmoja. Mpelekeni Dodoma." Tukaenda watatu. Ndani ya basi Rehema alikaa kiti cha nyuma kabisa, mbali na baba mkwe wake. Hilo nalo nililiweka akilini.

Daktari wa Dodoma ni mama wa makamo, ana maneno machache. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee aligonga kichwa lini?"

Nikasema hakugonga.

"Wewe unalala naye?"

Nikakiri kwamba siishi naye.

"Kwa wazee ugonjwa hauji kama mlivyozoea," akasema. "Nimonia inakuja bila homa. Moyo unashindwa bila kifua kuuma. Na kichwa kikigongwa kidogo tu, damu inaweza kuvuja ndani taratibu, wiki kwa wiki, mpaka mseme amelishwa sumu."

Rehema alikuwa koridoni, katugeuzia mgongo. Akasema bila kugeuka, "Shemeji, mwambie daktari alianguka bafuni."

Nikatoka nikamsikiliza. Unalijua bafu lao, uzio wa mabua nyuma ya nyumba. Alipeleka ndoo ya maji akidhani mzee hajaingia bado. Akamkuta chini, kichwa kwenye jiwe la kuogea, hana nguo. Mzee akamwona. Rehema akatupa ndoo, akakimbilia nje, akawa anakohoa kwa nguvu mpaka aliposikia ameinuka. Tangu siku ile yeye hakuweza kumtazama, na mzee hakutaka chakula cha mkono wake.

"Ningeanzaje kusema?" akaniuliza. "Baba mkwe, shemeji! Kwetu hata kivuli chake hatukanyagi."

Picha ya kichwa ilionyesha damu. Wakatoboa tundu dogo, wakaitoa. Hata hivyo niliendelea kuwa na shaka, kwani maneno ya bafuni yalikuwa ya mtu mmoja, tena ndiye mtuhumiwa. Mjomba alipozinduka vizuri aliniita kwa jina langu, akauliza nani anaangalia mizinga. Hapo Rehema akaingia na bakuli. Mjomba akavuta shuka upesi hadi kidevuni, akageukia ukutani.

Daktari akacheka. "Huyu amerudi. Ana haya."

Kwangu huyo alikuwa shahidi wa pili.

Sasa mama, wazee wa ukoo wanakutana hapo Ihanja Jumamosi ili Rehema arudishwe kwao, na aliyewaita ni wewe. Akirudi Sikonge na jina la sumu, wanawe hatawaona tena. Waambie ni damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, na daktari amethibitisha. Ya bafuni usiyatoe mbele ya wanaume. Wewe ni dada yake, yaishie kwako. Mjomba mwenyewe hatayasema, na Rehema ameniapisha.

Msalimie dada Eliza, mwambie asali yake ataletewa na kondakta huyuhuyu aliyeleta barua. Wasalimie majirani waliokusaidia kupura. Mpe shikamoo yangu mjomba mkubwa, atakayeongoza kikao. Namjua, atauliza kwanza nani alimwona mzee akiwa chini. Unajua miaka yote hii sijatangaza nisichokiona.

Mwambie aliyemwona ni mimi.

Mwanao,
Yohana