Wafagiaji wa Sanduku la Chura

Baba Pacha,

Pokea salamu nyingi kama wale wadudu wako wa kijivu wanaojikunja kama gololi. Uliniachia kumi na wawili ulipokwenda mgodini. Sasa hata siwahesabu, maana kila jike amebeba watoto tumboni. Nawapa majani makavu na maganda ya mayai kama ulivyoniagiza, na kweli wanafagia: sanduku la chura wako ni safi kuliko jiko langu.

Ila nimechanganyikiwa. Ulisema wanakula kilichokufa tu, kilicho hai hawakigusi. Tangu juzi wamejazana chini ya gome la mti anapojificha chura, na yeye simwoni. Pacha wananisumbua, "Mama, funua tuone!" Nawatuma wakachote maji.

Jana mwenzako wa mgodini alileta begi lako. Nilimkaribisha ndani, akabaki mlangoni. "Pole, shemeji," akasema, akaenda zake. Pole ya nini? Sikumuuliza. Si ungerudi nalo mwenyewe?

Nimeliweka kando ya sanduku. Begi sijalifungua, na gome sijalifunua. Wewe ndiye unayewajua wadudu hawa. Niambie, baba: huwa wanakosea?

Ni mimi,
Mama Pacha