Madoa Saba ya Jalada Lako

Kiwanda cha Uchapaji,
S.L.P. 318.
9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Kimya,

Hujambo mwanangu? Kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakukohoza? Mama yako mzima, na goti lake limetulia. Mimi mwili hauna neno, ila roho iko juu juu tangu Jumanne.

Barua hii nimeilaza juu kabisa katika boksi la kwanza la nakala za kitabu chako. Isome kabla hujagusa jalada, tafadhali.

Unajua kazi yangu hapa: kusafisha picha kabla ya kuchapwa. Vumbi, mikwaruzo, alama za vidole, vyote nafuta. Picha yako ya anga ilikuja na wingu jekundu linalong'aa, na mbele yake madoa meusi saba. Nikajiambia, huyu mtoto msomi mzima anapiga picha kwa kioo kichafu! Nikayafuta moja moja, tena kwa madaha. Majalada mia mbili yakachapwa.

Jumanne, nikipanga kurasa, macho yakaangukia sura ya kwanza. Kumbe madoa yale ndiyo habari yenyewe: mawingu madogo ya gesi na vumbi, yenye baridi kupita kiasi, mazito hata mwanga wa nyuma haupenyi, na humo ndimo nyota zinaanza kujijenga. Nikamkimbilia msimamizi kumweleza.

Msimamizi alicheka. "Mzee, nani atajua? Funga maboksi, gari linasubiri."

"Atajua mpwa wangu," nikamjibu, nikachukua brashi na wino mweusi. Siku mbili nimeyarudisha kwa mkono, jalada baada ya jalada, picha yako halisi ikiwa mbele yangu. Mengine yamepinda kidogo. Kama hayafai sema, nitachapa upya.

Lakini kinachoninyima raha zaidi si hicho. Ulipokuwa mdogo, ukishinda nyuma ya mlango bila neno, mimi ndiye niliyekubandika jina hilo la Kimya. Nikamwambia na mama yako asijisumbue kukusomesha, kwamba huna kitu kichwani. Bahati nzuri dada yangu hanisikilizi. Miaka yote hii sijakuomba radhi. Nakuomba leo, mwanangu.

Mama yako anakusalimu, na mke wangu pia. Anauliza utarudi lini. Mungu akupe afya na akulindie macho yako.

Wako akupendaye, ambaye kuanzia sasa atauliza kwanza kabla ya kufuta,

Mjomba