Nusu Saa ya Mwalimu Yohani

Karatu,
14 Julai

Kaka yangu mpendwa Isaya,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Leodegar, ambaye hajambo isipokuwa kikohozi cha baridi. Huku tu wazima. Ukungu wa mwezi huu ni ule unaoujua, nguo haikauki hata siku tatu. Wewe je, na wifi Brigita, na wale mapacha? Maji yamepatikana hapo shuleni kwenu? Wiki nzima nimekupigia simu naambiwa hupatikani. Sijui siku hizi Malambo mnapanda kilima gani kutafuta mtandao! Lakini kusema kweli, hata ungepatikana ningeandika tu, maana kuna maneno ambayo kwenye simu ningeyakwepa.

Barua hii anakuletea Ngoitiko, yule mfanyabiashara wa mbuzi, pamoja na kifurushi. Nakuomba, kaka, kifurushi usikifungue kwanza. Nakujua, maandazi ya Krismasi ulikuwa unayamega kabla ya sala. Soma mpaka mwisho, ndipo ufungue.

Sasa kaa chini nikuchekeshe. Mimi Lusia mdogo wako, niliyekuwa nikitumwa dukani nataka nibebwe mgongoni, nimekimbia mbio! Kilomita tano, juu ya lami, na namba kifuani. Subiri, usicheke bado.

Ilianza na presha. Nesi aliniambia kukaa kwenye cherehani kutwa kutanimaliza, nifanye mazoezi. Nikamsimulia rafiki yangu Scholastika, yule Mchaga wa mapokezi kule loji, naye bila hata kuniuliza akatuandikisha wote wawili kwenye mbio za parokia za kuchangia bweni la wasichana. Akaja na fulana mbili. Nikamwambia ana wazimu. Akanijibu kwamba wazimu ni kukaa mji ambao wageni wanapita kila siku kwenda kutazama wanyama wakikimbia, na sisi wenyewe tumekaa tu. Huyo mwanamke nimeshindwa naye.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilitoka asubuhi na mapema nikashika njia ya kanisani, pole pole, kitenge juu ya suruali. Sijafika mbali, nikasikia vishindo nyuma. Jirani yangu Mama Angelina alikuwa ananifuata mbio, khanga mkononi, akiuliza ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna, ni mazoezi. Hakuniamini ng'o! Nilipofika kwenye kona walikuwa wanne nyuma yangu, na mmoja ameshaanza kulia. Wewe unajua kwetu, mwanamke mtu mzima hakimbii hivi hivi, labda kuna msiba au ng'ombe wameingia shambani. Jioni wakaja watu watatu kunipa pole, ikabidi niwapikie chai.

Mbio zenyewe zilikuwa Jumamosi iliyopita. Scholastika aliniahidi tutakwenda bega kwa bega. Filimbi ikalia, na mara ya mwisho kumwona ilikuwa hapo. Mimi nami kwa ushamba nikaondoka kwa kasi yote niliyojaliwa, na kabla ya kuimaliza kilomita ya kwanza mbavu zinachoma na koo limekauka. Halafu watoto wa shule ya msingi wakaanza kunipita. Watoto wenye adabu, kaka! Kila anayenipita ananiambia shikamoo mama, na mimi nisiitikie? Pumzi yangu yote iliishia kwenye marahaba.

Pale pa kugeuzia palikuwa na meza ya maji, na kwenye kiti kando ya meza amekaa Mwalimu Yohani. Amezeeka sana, lakini koti ni lile lile la kahawia. Wenzangu walichukua kikombe wakapita. Mimi nitampitaje? Mwalimu wangu, mwalimu wako, aliyesimama kutuombea siku tulipomzika baba. Nimwamkie huku napita mbio kama nimeiba kuku? Nikasimama, nikajifunga kitenge vizuri, nikainama nikamwamkia. Naye si mtu wa salamu fupi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaulizia nyumbani kwangu, akaulizia mvua, akamuulizia hata ng'ombe niliyemuuza mwaka juzi. Vijana wa maji walikuwa wanapiga kelele niendelee. Sikuweza kuuvuta mkono.

Kisha akakuulizia wewe. Nikamwambia unafundisha Malambo, na jioni unakimbia na wanafunzi wako. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku ile ya kwenda kwenye kambi ya wanariadha Arusha, alilizuia gari pale barabarani kwa nusu saa akikusubiri. Dereva akafoka, wenzako waliokwisha kupanda wakalalamika, na yeye akasimama mbele ya gari akisema Isaya atakuja tu, viatu nimempa mimi mwenyewe, hawezi kuacha kuja. Akasema miaka ishirini na saba sasa anajiuliza alikukosea nini.

Niliuchomoa mkono bila hata kuaga, nikakimbia. Nililia njia nzima ya kurudi. Watu kando ya barabara wakanipigia makofi wakidhani ni uchovu, na madereva wa utalii wakanipigia honi. Nilifika wa mwisho kabisa, nyuma ya sista mmoja mwenye goti bovu. Scholastika alinipokea na soda akaniambia nisijali, wanaokimbia mara ya kwanza hulia.

Isaya, viatu vyako havikuchukuliwa na fisi. Nilivichukua mimi.

Jioni ile ulivifua ukavianika juu ya banda la kuku. Mimi nikavishusha nikavificha ndani ya kihenge, chini ya mahindi. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitaka ulikose gari tu, basi. Nilijua ukienda hurudi, na kama hurudi, nani atanisindikiza shuleni kupita kando ya msitu penye nyati? Asubuhi nilikuona unatambaa chini ya kichanja ukitafuta, nikataka kusema, nakuapia nilitaka. Lakini baba alikuwa ameshaanza kukuchapa kwa uzembe, nikaogopa. Aliposema basi ni fisi, nikadakia kwamba nilimsikia. Mchana nikavitoa nikavitupa chooni. Na wewe kwa aibu ya kupoteza zawadi ya Mwalimu hukwenda barabarani, wala hukumweleza kamwe. Kesho yake ukanishika mkono ukanipeleka shule kama kawaida. Hicho ndicho kinachoniumiza kuliko vyote, ule mkono.

Jumapili baada ya misa nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu nikamwambia kila kitu. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akasema afadhali, kumbe yule kijana hakunidharau. Akasema nikuandikie, na nisiandike kifupi. Basi ndiyo hii.

Nisamehe, kaka yangu. Sina maneno mengine. Ulikuwa na miguu ya kukufikisha mbali na mimi ndiye niliyekuzuia, halafu ukaniruhusu nikupende miaka yote hii bila kujua. Bado nakupenda, na sasa unajua.

Haya, fungua kifurushi. Ni namba arobaini na tatu, kama miguu haijaongezeka. Ukishindwa kunisamehe, usivirudishe. Vitupe chooni tuwe sawa. Lakini ukivivaa, mwakani kutakuwa na mbio za kilomita kumi, na Mwalimu amesema meza ya maji hamwachii mtu. Ukifika pale usimame umwamkie vizuri, usiniache mimi peke yangu ndiye mshamba wa Karatu.

Nisalimie sana wifi Brigita, na mapacha wabusu kila mmoja mara mbili wasigombane. Leodegar anakusalimu, Mama Angelina anakusalimu, na anauliza kama kweli hakuna aliyefariki. Mungu awalinde huko.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Lusia

Nilitaka kusahau: Ngoitiko anarudi huku kwa mnada ujao. Nimemwomba siku hiyo, kabla hajaondoka huko, akusubiri nusu saa.