Mbwa Wawili wa Tumbo Moja

Lionja, 12 Agosti 1953

Mjomba wangu Ignasi,

Sisi hatujambo, na muhogo umekauka vizuri. Nakuandikia habari za wale watoto wawili wa mbwa uliowagawa. Wetu hufukuza nyani shambani, lakini vifaranga humpanda mgongoni naye hulala tu.

Jumapili mama alinituma nipeleke unga kwa mama yake Augustino, yule anayetaka kunioa. Mbwa wao, yule ndugu wa mbwa wetu, amefungwa mnyororo. Bibi mmoja alipopita na kuni, mbwa alimrukia, mnyororo ukamzuia. Augustino akamchapa mbwa fimbo, akacheka. "Mbwa asiyepigwa hana ukali, binti. Hata mtu hafai bila fimbo."

Alipoingia ndani nilimpa mbwa kipande cha ugali. Alitetemeka mwili mzima, kisha akalaza kichwa juu ya mguu wangu. Mjomba, nilistaajabu hata nikasahau kuondoka. Ukali ule hakuzaliwa nao.

Kwetu neno la ndoa ni la mjomba, na najua mahari bado hujaipokea. Mbwa yule ulimtoa bila kujua anakokwenda. Mimi nimekuambia.

Mpwa wako akuheshimuye,
Marietha