Kibuyu cha Naisenya kimefika Dar "kimeungua"

Brigita, hutaamini alichofanya Naisenya jana.

Kile kibuyu cha maziwa alichouza Instagram kimefika Dar. Mteja kamwandikia kimeungua njiani, ndani cheusi tii, kinanuka moshi, anataka hela yake.

Naisenya hata picha hakufungua. Mbio mpaka ofisi ya basi hapa Karatu, akamfokea Lesiamon wa mizigo mbele za watu: "Mmenichomea kibuyu."

Mmenichomea, Brigita.

Lesiamon akafungua picha, akamuuliza taratibu, "Dada, kwani kwenu vibuyu hamfukizi?"

Kumbe alikifukiza mwenyewe kwa kijinga cha moto cha oloirien, ule mzeituni wa porini, kama alivyofundishwa na mama yake, ili maziwa yanukie.

Naisenya akamjibu mteja: "Tia maziwa, yalale humo, kesho uonje."

Mteja kaonja. Anataka kingine, na hicho kiungue zaidi.