Mikoko ya Papa Kabange

Mama Laurentine wa redio, jambo sana, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, mimi ni Mutale wa Makomeno, hapa Lubumbashi, namaliza chuo, na kazi yangu ya mwisho ni kuchora ramani ya mikoko, ile miti inayoota kwenye maji ya chumvi kule Moanda, nalinganisha picha za satelite za tangu kabla sijazaliwa hadi mwaka jana, naona kijani kinapungua kidogo kidogo, na bahari yenyewe sijawahi kuiona lakini siku hizi naiwaza mpaka nasahau sufuria motoni.

Mchumba wangu Adrien ni Muluba, mimi Mubemba, na siku aliponipeleka kwa baba yake, Papa Kabange, mwenye shamba nje ya mji, mzee aliniuliza ninasomea nini, nikamjibu kwa Kiswahili cha kitabu kwamba natafuta mikoko inapotelea wapi na nani anaimaliza. Akanishika mikono yote miwili. "Mutoto, ni Mungu amekutuma," akasema. "Yangu nayo iko inapotea, na muntu mwenye kuimaliza niko namujua."

Nilishangaa mikoko imefikaje Lubumbashi, nikaitikia kwa heshima, hadi njiani Adrien alipocheka akatokwa machozi: kwa Kiluba mukoko ni kondoo. Sasa mzee ameita familia Jumapili ili nioneshe mwizi kwenye satelite, na amemwita pia jirani yake Djafari, muuza michopo, yaani nyama ya kuchoma, anayemshuku kwa sababu kila jioni moshi wa nyama unatoka upande wake.

Nimelichungulia shamba hilo kwenye picha, kondoo ni wadogo mno hawaonekani, ila pori la nyuma limekatwa lote kwa makala, mkaa wa kupikia, na hilo nalo linanikosesha usingizi, nataka kujua nani kalikata. Adrien anasema nidanganye kwamba mawingu yalifunika, tusimwaibishe baba yake kabla ya ndoa. Nikisema ukweli nitaonekana nimemcheka mzee, nikinyamaza Djafari ataitwa mwizi mbele za watu, na muda sina, bado naandika sehemu ya chanzo cha mikoko kupungua, nimeweka kwamba ni wanawake wa Moanda wanaoikata iwe kuni za kukaushia samaki, kama kwetu Pweto, ziwani.

*

Mutale, nilicheka mpaka nikafika kwa Djafari, hapo nikaacha. Pole, binti. Lakini huyo Adrien wako atayaleta mawingu hayo kila mara ukweli ukiwa mzito. Mwambie hapana.

Nenda kesho kwa Papa Kabange, na ujilaumu wewe: "Papa, nilikosea neno. Munifundishe Kiluba." Mzee anayefundisha haoni haya. Kisha tembeeni pamoja upande ule pori lilipokatwa, mwangalie nyayo, mumuulize anayewachunga kondoo. Picha inaonesha pengo, haioneshi mkono.

Sasa nikukaripie. Nyani haoni kundule. Mzee kaona moshi wa michopo, kapata mwizi. Wewe hata moshi hujauona, umekaa Makomeno ukawapa kesi wanawake usiowajua, eti kwa sababu Pweto wanakausha samaki. Je, kama ni nyumba zinazojengwa, au maji yenyewe yamebadilika? Siku utakaposoma kazi yako mbele ya walimu, wanawake hao hawatakuwepo kujitetea. Tafuta namba za watu wa Moanda, waulize wavuvi, waulize wanawake wenyewe. Hadi upate jibu, futa, uandike: bado sijui.

Na kama familia itakaa hata hivyo Jumapili, wakakuuliza mwizi ni nani, wajibu vivyo hivyo, kwa sauti ambayo Djafari ataisikia.