Anayeitika Kwanza

Jumatatu, 7 Juni 1999
Ukungu hadi saa nne. Kompyuta ya misheni nimeifunika blanketi ipate joto kabla ya kuiwasha. Waniite chizi. Nimechapa maneno ya Kibena ya baba: ana neno la ukungu unaotembea na jingine la ukungu uliolala. Hakuna aliyeyaandika. Yamo kichwani mwake na kwenye diski hii kuukuu tu, na kichwa chake kinachoka.

Alhamisi, 10 Juni
Makambako. Nimepata diski ya pili, mtumba wa Dubai. Mzee Salumu wa vipuri ameapa: "Dada, hii itakuzika!" Tangu biashara ya nje ifunguliwe, vilivyokufa kwingine vinafufukia Makambako. Kila Jumamosi nitanakili, kutoka diski ya kwanza kwenda ya pili. Njiani nimesinzia, nikaona maneno ya baba yakishuka kutoka kijiji cha Yakobi kama kondoo.

Jumanne, 22 Juni
Wiki hii maneno ya ndoto. Ndoto inayorudi ina jina lake. Ya msafiri ina lake. Jioni baba ameniita Yustina. Dada alikufa nikiwa darasa la tano. Nikamwambia ni mimi, Agnes. Imeniuma.

Jumamosi, 26 Juni
Baridi ya kukata masikio. Nimenakili. Nikafungua diski zote mbili: maneno ya ndoto hayapo. Nimelia mbele ya sista wa misheni, bila aibu.

Jumatatu, 28 Juni
Nimeelewa. Kiini cha mfumo, programu inayoiongoza kompyuta, hakizijui diski kwa sura. Inayoitika kwanza ndiyo "ya kwanza". Yangu kuukuu ilichelewa kuamka kwa baridi, ya Makambako ikavaa jina lake. Nikamwaga maneno ya Jumamosi iliyopita juu ya mapya. Hasira! Jina gani hilo, la anayewahi? Sasa kila diski nimeiandikia jina lake ndani, nao mfumo utaliangalia hilo, si foleni.
Ila yaliyofutika yamefutika. Nimemwomba baba ayarudie. "Nilishakwambia, Agnes." Akageukia ukutani.

Alhamisi, 1 Julai
Nimejaribu tena. Hataki. Naogopa.

Jumapili, 4 Julai
Ukungu umelala. Nimeingia na uji, wa kwanza kufika kwake asubuhi hii.
"Yustina?"
Nikasita mlangoni.
"Abee, baba."
Akatabasamu. Akasema nimekuwa mbali mno, maneno ya ndoto sijayasikia. Nikasema sijayasikia. Akaanza na ile inayorudi. Nimeandika hadi uji ukapoa.